Safari ya Kumfuata Bibi Otilia Ziwani

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, wengine ofisini kwa walimu, wengine kwenye foleni ya maji, na kila mmoja nimemjibu nusunusu: "Nilikwenda kwetu Mbinga, bibi alifariki." Mnanyamaza kwa adabu, lakini macho yanaendelea kuuliza. Basi naandika mara moja, msome wote. Mambo ya ruhusa na tiketi nayaacha, hayo mnayajua. Naanzia pale basi lilipotoka Morogoro, mimi nimepakata mfuko wenye kitenge kipya cha bibi, maana nilipoondoka bibi alikuwa hai. Ama niseme, mimi nilijua yuko hai. Simu aliyoipokea mwalimu mkuu ilisema: "Bibi yake Edita amezidiwa, aje upesi."

Morogoro hadi Makambako

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa mfanyabiashara wa mitumba, mtu mnene mwenye sauti ya upole, akipeleka marobota Songea. Alijisifu tangu Mikumi hadi Ruaha: tangu biashara iwe ruksa, alisema, hakuna tena mtu wa kijijini anayetembea uchi, na wanaostahili kushukuriwa ni watu kama yeye. Nilimsikiliza bila kumsikia. Tulipoanza kupanda Kitonga aliniuliza naenda kwa nani, nikamwambia kwa bibi yangu, mgonjwa.

"Basi mpelekee sweta," akasema. "Mbinga baridi. Nikufungulie robota hapo Makambako, uchague la kwanza kabisa."

Nilimwambia bibi yangu hawezi kuvaa alichochaguliwa na mtu mwingine. Alicheka, akadhani natania.

Sikutania. Bibi Otilia alikuwa mrefu, na shingo yake ilikuwa ndefu hata alipokuwa amekaa. Hakutoka nje ya ua bila kujitazama kwenye kipande cha kioo alichokitundika nyuma ya mlango. Blauzi zake alizitia uji mwepesi wa muhogo zikauke wima, kisha akazipiga pasi ya mkaa polepole, huku akinena na mkaa kana kwamba unamsikia: "Tulia, usiniunguzie." Ile miaka ambayo dukani hakukuwa na kitu, wakati wanawake wengine walikuwa wakijifunga magunia kwenda shamba, yeye alikuwa na gauni moja tu la maana. Kola ilipochakaa aliifumua, akaigeuza ndani nje, akaishona tena. Watu walikuwa wakimwuliza njiani, wakimwita kwa jina la baba yangu, "Mama Desderi, safari ya wapi?" naye alikuwa anakwenda mtoni kuchota maji.

Mitumba ilipoanza kuingia Mbinga aliikataa. Alisema hawezi kuvaa nguo ya mtu ambaye haijulikani alikufa na ugonjwa gani. Kisha asubuhi moja alishuka mwenyewe mjini, akainama kwenye lundo pamoja na watu wengine, akainuka na koti la kijivu. Alilifumua lote, vipande vikajaa mkekani, akavifua, akalishona upya likamkaa kama lilikatwa kwa ajili yake. "Sasa ni langu," alisema. Alilivaa hadi mwisho.

Nilimsimulia yule bwana habari hizo ili muda upite. Akasema, "Huyo bibi ningependa kumwona."

Njombe

Hatukufika mbali baada ya Makambako. Kabla ya Njombe kitu kilikatika chini ya basi, likaegemea upande mmoja kama mtu aliyeteguka mguu. Dereva aliingia uvunguni, akatoka, akafuta mikono, akasema kifaa hicho kinapatikana Makambako tu, na utingo atakwenda kukileta kwa gari lolote litakalopita.

Tulikaa pale siku nzima. Mvua nyembamba ya Njombe ilikuwa ikinyesha bila haraka. Wanawake wa kijiji cha jirani walileta viazi vya kuchemsha kwenye ndoo zilizofunikwa majani ya mgomba, tukavila kwa chumvi, tumesimama. Mama mmoja alinitazama, akaniambia kwa Kibena jambo ambalo sikulielewa. Nikajibu "asante", watu wakacheka. Yule bwana wa mitumba akanitafsiria: alikuwa ameniuliza kama nina mimba, maana nilikuwa nimeukumbatia mfuko tumboni tangu asubuhi.

Nami nilicheka. Nasema hivyo kwa sababu saa hizohizo, kama nilivyokuja kujua, walikuwa wakimvalisha bibi yangu kwa mara ya mwisho. Kama chuma kile kisingekatika, ningemkuta. Nimejiambia mara nyingi kwamba hakuna aliyekosa, si dereva wala mwenye basi, lakini hata leo mtu akinitajia Njombe moyo wangu unakuwa mzito.

Kitai

Songea nilishuka kesho yake, nikapata gari dogo la mizigo linalokwenda Mbinga. Tulisimama Kitai dereva apakie magunia ya mbolea, abiria tukaingia kwenye kibanda cha chai.

Mwenye kibanda alikuwa mama mchangamfu, akimimina chai ya rangi yenye tangawizi huku akiongea na mwenzake aliyeshuka kutoka Mbinga muda huo. Sikuwa nikiwasikiliza. Nilikuwa napuliza chai.

"Mbinga kuna msiba wa ajabu, dada," alisema yule mgeni. "Kikongwe ameacha neno asizikwe kwa mume wake. Ati apelekwe ziwani, kwao."

"Na mume yupo?"

"Yupo hai, anakunywa uji! Ukoo umegombana mpaka padri kaitwa. Umeshasikia wapi mwanamke anaolewa huku, anazaa huku, anazeeka huku, halafu anataka kwenda kulala na samaki?"

"Ni bibi gani huyo?"

"Utakuwa unamjua. Yule mrefu, wa koti la kijivu. Aliyekuwa akienda misa kama anakwenda kupigwa picha."

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu. Nakumbuka niliona kina ufa mwembamba pembeni, nikaufuata ufa ule kwa macho hadi chini, nikarudi juu. Kisha nikasema, "Lini?"

Wakageuka.

"Amefariki lini?" nikauliza tena.

Yule mgeni alianza kujibu, halafu akanitazama shingo, na uso, akaziba mdomo kwa kiganja. Wote huniambia nimefanana naye. "Mama yangu," akasema, "wewe ni nani wake?"

"Ni bibi yangu."

Akaja, akakitoa kikombe mkononi mwangu taratibu kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, akapiga magoti pale kwenye vumbi la kibanda. Mtu mzima, umri wa mama yangu. "Nisamehe, mwanangu. Mdomo wangu. Nisamehe." Nikamwinua. Sikuwa na hasira naye. Angalau alimkumbuka bibi akiwa amependeza. Alinishika mkono, hakuuachia mpaka dereva alipopiga honi.

Kigonsera na Mbinga

Barabara kutoka Kitai ilikuwa tope. Tulipita Kigonsera kengele ya misheni ikilia saa sita. Kule ndiko bibi alikojifunza kushona kwa masista alipokuja nchi ya juu akiwa bado mwali. Abiria walivua kofia, wakafanya ishara ya msalaba. Nilijaribu kusali lakini maneno hayakuja, nikabaki nikitazama mashamba ya ngoro mlimani, mashimo yake yamepangana kama sega la nyuki.

Mjini Mbinga magari ya wanunuzi binafsi wa kahawa yalikuwa yamejipanga mbele ya nyumba za wageni, redio zimefunguliwa kwa sauti kubwa. Nilipita katikati yao kwa miguu hadi nyumbani kwetu, juu kidogo ya mji.

Uani kulikuwa na majivu ya moto wa msiba lakini hakukuwa na watu. Shangazi Theofrida alitoka jikoni, akaniona, akapiga yowe moja, akanikumbatia. "Wameshaondoka naye alfajiri," alisema begani kwangu. "Baba yako mdogo Kaspari amemchukua kwa lori. Hatukujua kama unakuja, tulisubiri tukachoka."

"Na Babu?"

Alinionyesha kwa kidevu.

Babu Gaudensi alikuwa amekaa nyuma ya nyumba kwenye kigoda, ameipa mgongo njia. Kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye kichanja mbele yake, na mvua ilikuwa imeinyeshea, naye hakuwa ameifunika. Mwaka mwingine angenipigia kelele kwa mbali, "Mchumba wangu amekuja!" maana ndivyo alivyoniita tangu utotoni.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba."

Nikakaa chini.

"Umewakuta?"

"Sikuwakuta. Nitawafuata."

"Wafuate." Akaokota punje moja ya kahawa, akaichunguza, akaitupa. "Walitaka niseme hapana. Kaka zangu wote walitaka. Nikasema mpelekeni. Nikaingia ndani nikafunga mlango."

"Kwa nini hukwenda, Babu?"

"Miguu," akasema. Kisha akaongeza: "Si miguu. Kufa nakuelewa, Edita, kila mtu anakufa. Lakini yule ameniacha. Miaka yote hii tumelala chini ya paa moja, na mwisho amesema hataki kulala na mimi ardhini. Nimemfanyia nini?"

Shangazi aliniletea ugali na maharage, nikala nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu lori la kwenda ziwani lilikuwa likiondoka mchana.

Kushuka ziwani

Lori lilikuwa tupu, linakwenda Mbamba Bay kupakia dagaa. Tulikaa kwenye turubali, wanaume wachache, mimi, na mama mmoja wa Kinyasa mwenye kuku kapuni. Mama huyu aliukazia macho mfuko wangu tangu tulipotoka Mbinga.

"Umeleta za kike tu, au na za watoto?" akauliza.

"Za nini?"

"Nguo. Si unauza?"

Nikamwambia siuzi. Hakuamini. Kila lori lilipopunguza mwendo kwenye kona alirudi tena: kama ninaogopa kodi, yeye hatamwambia mtu, kama kuna blauzi, atabadilishana kwa kuku. Mwishowe nikaufungua mfuko nikamwonyesha kitenge. "Hiki tu. Nilimletea bibi yangu, na bibi yangu wanamzika leo."

Alikishika pindo kwa vidole viwili, akakirudisha ndani, akaufunga mfuko yeye mwenyewe. "Bibi yako ni Otilia?" akauliza kwa sauti ya chini. Kisha akaanza kulia, na mimi, ambaye tangu Kitai sikuwa nimetoa chozi, nikalia naye, tukirushwarushwa juu ya turubali, kuku wakipiga makelele kapuni.

Chini ya mteremko mkubwa maji yalikuwa yamekula kalavati. Dereva alishuka, akapima kwa fimbo, akatikisa kichwa. Tukatembea. Njia inashuka kati ya miti ya miombo, hewa inakuwa ya joto kila unapopiga hatua, na ghafla ziwa liko mbele yako, pana, la bluu iliyokolea, milima ya ng'ambo ikionekana kama moshi. Utotoni nilimwomba bibi mara nyingi anilete nilione. Kila mara alijibu, "Tutakwenda." Yeye alikuwa akija peke yake, mara moja kwa mwaka, akiwa amevaa vizuri kuliko siku ya Pasaka, na akirudi alikuwa akilala siku nzima mlango umefungwa. Tulidhani ni uchovu wa mlima.

Yule mama aliniongoza kwenye njia ya ufukweni, kuelekea upande wa Liuli, hadi kijijini kwao bibi.

Ufukweni

Nilijua nimechelewa kabla mtu hajaniambia. Wanaume walikuwa wamesimama kwenye maji hadi magotini wakiosha majembe.

Baba mdogo Kaspari alinipeleka kaburini. Mchanga ulikuwa bado na unyevu, msalaba wa mbao umeandikwa kwa makaa. Niliuliza alivaa nini. Akasema gauni la bluu na koti lake, na kwamba vifungo vyote vilifungwa, hata kile cha juu, kama alivyopenda. Nikapiga magoti. Sitawaandikia niliyosema pale.

Nilipoinuka nilimwona bibi yangu amesimama mbele yangu.

Msicheke. Alikuwa na shingo ileile, urefu uleule, paji lilelile la uso. Lakini miguu peku, kanga imechanika, nywele hazijachanwa. Huyo alikuwa Bibi Felista, mdogo wake, ambaye sikuwahi kumwona.

"Mjukuu," akasema. "Njoo ule kwanza."

Alinipa ugali wa muhogo na mbasa wa kuchoma, samaki mkubwa mwenye mafuta, akakaa kunitazama nikila kana kwamba mlo ule nilikuwa nikiula kwa niaba ya mwingine. Nilipomaliza nikamwuliza lile lililokuwa likinisumbua tangu Mbinga: kwa nini? Babu alimkosea nini?

"Gaudensi?" Alishangaa kweli. "Gaudensi hakumkosea kitu. Hukuona mawe pale kando?"

Sikuyaona. Akanirudisha. Ubavuni mwa kaburi jipya, karibu sana hata udongo wake ulikuwa umeligusa, palikuwa na mawe madogo ya ziwani yaliyopangwa mviringo, meupe, yameoshwa.

"Mimba yake ya kwanza alirudi kuzalia hapa kwa mama," alisema Bibi Felista. "Mtoto wa kiume. Hakukaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyembatiza kwa maji ya ziwa, katekista alikuwa mbali. Ilikuwa masika, milima imefunga, habari ilipanda huko juu ikachelewa, mume hakufika. Alipopona akasema anarudi kwa mumewe. Mama akamwambia pumzika. Akasema hapana, kule tayari wananiita wa ziwani, mkwe atasema nimemletea mkosi. Akaomba gauni langu zuri, nilikuwa na moja tu. Akalipiga pasi, akachana nywele, akapanda mlima. Aliniambia, 'Wakiniona nimechakaa watajua nimevunjika. Hawatajua.'"

Akaokota jani lililoanguka juu ya mawe.

"Kila mwaka alikuja akayaosha haya. Halafu anavaa tena vizuri, anaondoka."

Nilikaa pale hadi jua liliposhuka nyuma ya milima ya ng'ambo. Maisha yangu yote nilimsifia bibi kwa kupendeza. Nilimwiga, hata namna ya kukaza kilemba, nami sikujua nilikuwa naiga nini.

Nililala kwa Bibi Felista hadi matanga yalipoanuliwa, tukila usipa, dagaa wadogo wa ziwa, kila siku. Kitenge nilimwachia. Alijifunga siku hiyohiyo, vibaya, upande mmoja mrefu, akaenda nacho kusafisha samaki.

Kurudi kwa Babu

Kupanda ni kazi kuliko kushuka, lakini kalavati lilikuwa limejazwa mawe na gari lilipita. Nilifika Mbinga nikamkuta Babu mahali palepale nyuma ya nyumba. Shangazi alisema hajaingia kanisani wala hajakaa na watu waliokuja kutoa pole. Wakija anaondoka.

Nilimsalimia, nikakaa, nikamweleza yote kama nilivyoelezwa, bila kuongeza. Nilipofika kwenye mawe aliinua mkono ninyamaze. Kisha akaushusha.

"Walituambia mtoto hakukaa," alisema. "Maneno hayo tu. Wazee wakasema kichanga hakitajwi, kitaita wengine. Nami sikutaja. Alirudi amependeza kuliko siku niliyomwoa, Edita. Nikajiambia, huyu mwanamke hakulia, na mimi nitalia vipi? Nikanyamaza. Naye akanyamaza."

Alitazama kichanja cha kahawa.

"Alimbatiza?"

"Ndiyo, Babu. Mwenyewe."

"Alimwita nani?"

"Osmundi. Bibi Felista alinitajia."

Sikujua nimesema nini mpaka nilipomwona. Mdomo wake ulifunguka na kufumba mara kadhaa. Osmundi lilikuwa jina la baba yake mzazi.

"Baba yako alipozaliwa," akasema mwishowe, "nilimwomba tumwite Osmundi. Akakataa. Mama yangu akalia, ndugu wakasema mwanamke wa ziwani anadharau ukoo. Nilimwuliza kwa nini, akaniambia, 'Jina hilo hapana.' Basi. Nikaliweka moyoni miaka yote. Nilidhani hakumpenda baba yangu."

Alilia kama wazee wanavyolia, bila sauti, mabega tu. Sikumgusa. Shangazi alichungulia kutoka jikoni, akarudi.

Jumapili ile aliniomba nimsindikize. Tulitembea polepole, tukasimama kila baada ya kitambo apumzishe miguu, tukafika kanisani kabla ya misa kuanza. Hakuingia moja kwa moja. Alikwenda mlango wa sakristia, akavua kofia, akazungumza na padri kwa Kimatengo, sentensi moja au mbili. Padri alichukua kalamu, akaandika.

Ulipofika wakati wa kuwaombea marehemu, padri alisoma, "Otilia," akapumzika, akasoma, "na Osmundi, mtoto wa Otilia na Gaudensi."

Watu waligeuka kutazamana. Nyuma yangu nilisikia mwanamke akinong'ona, "Osmundi yupi?" Babu alikuwa amesimama, ameshikilia benchi la mbele kwa mikono miwili, naye alijibu kwa sauti ambayo kanisa zima liliisikia:

"Wa kwangu."